Unahama na mbwa? Mtaje kabla ya kulipa kodi

Na Mwandishi Wetu

MWISHO wa mwezi ukifika, barabara ya Kabiria hujaa pikapu na mikokoteni iliyosheheni magodoro, makochi, mitungi ya gesi na ndoo za maji. Familia zinahama. Huyu ameongezewa kodi, yule kazi yake imepelekwa upande mwingine wa jiji, na mwingine ameambiwa na mwenye ploti kwamba vyumba vya mabati vinabomolewa ili ghorofa ijengwe. Kila kitu kina nafasi yake juu ya gari. Mara nyingi ni mmoja tu wa nyumba hiyo ambaye hana nafasi, naye ni mbwa.

Mbwa huyo alilinda mlango usiku wa manane. Watoto walimlea tangu akiwa mdogo, wakampa jina, wakamgawia ugali wao chini ya meza mama akiwa haangalii. Sasa lango linafungwa, gari linaondoka, naye anabaki kando ya barabara akiwangoja watu ambao hawatarudi.

Msomaji, pengine nawe umo katika safari hiyo. Unataka kuhama Kabiria kwenda mtaa mwingine, au unatoka mtaa mwingine ukija Kabiria, na umeulizia nyumba tatu ukaambiwa, "Hapa hatutaki mbwa." Usikate tamaa mapema. Mara nyingi mbwa haachwi kwa sababu kila mwenye nyumba jijini amemkataa. Huachwa kwa sababu wenyewe wamemkumbuka amana ikiwa imeshalipwa na gari limeshakodiwa. Anayemtaja mbwa wake mwanzo, akiwa na vyeti mkononi, hupata pa kuishi. Anayemficha humpoteza mbwa, na wakati mwingine nyumba pia.

Kabiria ya ploti na Kabiria ya ghorofa

Ili uelewe kwa nini jambo hili limekuwa gumu, itazame Kabiria yenyewe. Eneo hili la Dagoretti Kusini, pamoja na Riruta, Waithaka, Ruthimitu na Mutuini, lilikuwa mashamba ya familia. Mwenye shamba aliishi hapo hapo, akiwa na ng'ombe wake wawili watatu, majani ya kuwalisha, migomba, na mbwa wa kulinda boma. Alipoanza kujenga vyumba vya kukodisha, alivijenga kando ya nyumba yake. Mpangaji aliyekuja na mbwa hakuwa kioja. Palikuwa na ua, palikuwa na udongo, na palikuwa na lango.

Siku hizi shamba limegawanywa, watoto wamerithi vipande, na penye safu moja ya vyumba pamesimama ghorofa nne au tano. Ngazi ni moja, kamba za kuanikia nguo ziko juu ya paa, na mlango wako unatazamana na mlango wa jirani kwa hatua mbili. Mbwa aliyezoea kukimbia uani anaishi sasa kwenye baraza yenye upana wa kitanda. Akibweka saa nane usiku, wanaamka watu wa nyumba ishirini. Akijisaidia ngazini, atakayekanyaga ni mtoto wa jirani anayekwenda shuleni.

Kwa hiyo mwenye ghorofa anayekataa mbwa si lazima awe mtu mwenye roho mbaya. Huenda alishawahi kupangisha mwenye mbwa, wapangaji wengine wakahama, na yeye akabaki kupaka rangi mlango uliokwaruzwa. Ukimchukulia kuwa adui utashindwa naye. Ukielewa anachohofia, mtazungumza.

Sheria inasemaje?

Wapangaji wengi huuliza kama mwenye nyumba ana haki ya kukataa mbwa. Jibu ni kwamba hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha kumkubali. Linalotawala ni mkataba wenu. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, yaani Sura ya 296, inazihusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Inamkinga mpangaji asifukuzwe ovyo, lakini pia inaruhusu aondolewe iwapo mwenendo wake unawakera majirani. Mbwa anayebweka usiku kucha anaweza kuingia katika kero hizo. Kwa nyumba za kodi ya juu zaidi, tegemeo lako ni mkataba wenyewe pamoja na Sheria ya Ardhi ya 2012.

Kwingineko duniani mambo ni tofauti. Ufaransa, tangu Julai 1970, mkataba wa nyumba ya kuishi hauwezi kumkataza mpangaji kufuga mnyama wa nyumbani, mradi tu mnyama huyo haleti uharibifu wala kero, ingawa mbwa wa aina zinazohesabiwa kuwa hatari wanaweza kukatazwa. Katika jimbo la Ontario, Canada, kifungu cha mkataba kinachokataza wanyama hakina nguvu ya kisheria. Nchini Uingereza, sheria iliyopitishwa 2025 inawapa wapangaji wa England haki ya kuomba ruhusa ya kufuga, na mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu ya maana. Sisi hatujafika huko. Hapa kwetu, haki yako ni ile uliyoizungumzia na kuiandika.

Hata hivyo, mbwa mwenyewe ana sheria zake. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Kaunti ya Nairobi nayo ina sheria yake ya 2015 kuhusu udhibiti na ustawi wa mbwa. Kumbuka jambo hili unapohama. Ukitoka Kabiria kwenda Kinoo au Kikuyu, umeingia Kaunti ya Kiambu. Ukienda Ngong, Kiserian au Ongata Rongai, umeingia Kajiado. Uliza katika ofisi ya mifugo ya kaunti unakokwenda wanahitaji nini, usije ukadhani karatasi za Nairobi zinamaliza kila kitu.

Anza na vyeti, si na nyumba

Kabla hujapiga simu hata moja, mshughulikie mbwa wako. Kuna mambo manne.

La kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Daktari wa mifugo hukupa cheti chenye tarehe. Kihifadhi kama unavyohifadhi vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ambayo mwenye nyumba mwenye busara ataitaka.

Usione kuwa ni jambo la kujionyesha. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa jiji hili letu la Nairobi, na hadi leo hakijakwisha. Mpango wa taifa wa kukikomesha, wa 2014 hadi 2030, ulikadiria kwamba huua hadi watu 2,000 nchini kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya watu wanaoupata ugonjwa huu wameambukizwa na mbwa, na kwamba njia ya kuuzuia ni kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Ndiyo maana mzazi mwenye watoto wadogo hukunja uso akisikia mpangaji mpya anakuja na mbwa. Cheti chako ndicho kitakachomtuliza.

La pili ni dawa ya minyoo, viroboto na kupe. Watu wengi wa pande hizi hununua matumbo na mapafu kwa bei nafuu kutoka machinjioni Dagoretti ili kumlisha mbwa. Hakuna ubaya, lakini yachemshe vizuri. Nyama mbichi ya ndani ina minyoo ambayo mbwa huipokea, na mayai yake yakimfikia binadamu husababisha uvimbe wenye maji katika ini na mapafu. Mueleze daktari unamlisha nini, naye atakupangia dawa.

La tatu ni kuhasiwa kwa dume, au kufungwa uzazi kwa jike. Mwenye nyumba hataki kuona madume saba ya mtaa yakipigana langoni kwake kwa sababu jike lako limeingia joto, wala hataki watoto wa mbwa wanane chini ya ngazi. Mbwa dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura na kupigana. Gharama yake hulipwa mara moja tu.

La nne ni adabu. Mfundishe kukaa ukimwambia kaa, kutembea kwa kamba bila kuvuta, na kubaki peke yake kwa saa kadhaa bila kulia. Fanya mazoezi haya mwezi mmoja au miwili kabla ya kuhama, si juma la mwisho.

Kwa wakazi wa Kabiria, huduma hazipo mbali. Kitivo cha Udaktari wa Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, ng'ambo ya Uthiru, na kina kliniki ya wanyama wadogo. Wapo pia madaktari binafsi. Uliza kama daktari amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, maana kuna wachomaji sindano wa mitaani ambao cheti chao hakina thamani hata ya karatasi kilichoandikiwa.

Utafute wapi?

Msomaji, nyumba inayomfaa mbwa haitambuliwi kwa kodi yake. Inatambuliwa kwa ardhi iliyo chini yake. Zitazame sehemu unazoweza kuhamia kwa jicho hilo.

Kilimani, Kileleshwa na Lavington ziliwahi kujulikana kwa nyumba za bustani, lakini sasa maghorofa yamechukua nafasi kubwa. Huko utakutana na kampuni zinazosimamia majengo pamoja na kanuni zilizoandikwa. Usimuulize mlinzi langoni pekee. Omba kanuni zenyewe uzisome, kwa kuwa baadhi ya majengo hukubali mbwa mdogo na kumkataa mkubwa. Ngara na Pangani, karibu na katikati ya jiji, zina majengo yaliyobanana, na mbwa huko hupata tabu. Kawangware ina vyumba vya bei nafuu, lakini nafasi ni finyu sana.

Ukielekea magharibi, mambo hubadilika. Mutuini, Ruthimitu na sehemu za Waithaka bado kuna ploti ambazo mwenyewe anaishi uani na ana nyumba chache tu za kukodisha. Ukivuka kuingia Kikuyu na Thogoto, au ukizunguka kwenda Ngong na Kiserian, utapata nyumba zinazojitegemea zenye ua wake. Nauli itapanda na utaamka mapema zaidi. Piga hesabu ya nauli ya watu wote wa nyumbani kwa mwezi mzima kabla hujafurahia ua mpana.

Tafuta kwanza nyumba ya chini, si ya ghorofani. Tafuta penye mlango wake wa nje. Angalia kama ua una kivuli, kama lango hufungwa vizuri, na kama kuna mahali pa kuweka kibanda cha mbwa mbali na dirisha la jirani.

Kuna swali moja ambalo wengi husahau: je, uani mna mbwa wengine? Ploti nyingi za upande huu zina mbwa wa mwenye nyumba ambao hushinda wamefungwa na kufunguliwa usiku. Ukileta dume lako bila mpango, usiku wa kwanza patakuwa na vita. Uliza wako wangapi, wamechanjwa, na hufunguliwa saa ngapi. Kisha omba wakutane mapema, wote wakiwa wameshikwa kwa kamba, nje ya lango ambapo hakuna anayejiona mwenyeji.

Kuhusu madalali, wapo wanaotoza ada ya kukuonyesha nyumba hata kama hutaichukua. Usilipe hata senti kabla ya kumwambia kwenye simu, "Nina mbwa. Mwenye nyumba anajua na amekubali?" Akijibu, "Njoo kwanza utaona," elewa kwamba anaitaka ile ada, wala hajali utalala wapi.

Namna ya kuzungumza na mwenye nyumba

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Namna unavyolianza jambo hili inaweza kukupa ufunguo au kukufungia lango.

Usimtume mtoto, wala usiandike ujumbe mfupi wa simu. Nenda mwenyewe, mchana, ukiwa umevaa vizuri, na ukute mwenyewe au mkewe. Msimamizi wa ploti msalimie kwa heshima, kwa kuwa ndiye atakayefagia, lakini usikubali neno lake liwe la mwisho katika jambo hili. Unaweza kusema hivi:

"Mzee, kabla hatujafika kwa mambo ya kodi, kuna jambo moja ningependa ulijue. Tuna mbwa mmoja. Ni dume, amehasiwa, ana miaka minne. Cheti chake cha chanjo ni hiki. Mzee tuliyekaa kwake Kabiria amekubali umpigie simu umuulize habari zetu."

Akisema, "Hapana, mbwa wanasumbua," usibishane. Muulize kwa upole, "Naelewa, mzee. Hasa ni jambo gani lililokusumbua wakati uliopita?" Mara nyingi atataja moja kati ya mambo matatu: uchafu, kelele, au mtoto aliyeumwa. Hapo una la kujibu. Kwa uchafu, mwambie utasafisha asubuhi na jioni na kuufukia au kuutupa wewe mwenyewe, msimamizi asiuguse. Kwa kelele, mwambie mbwa atalala ndani au karibu na mlango wako, na hatafungwa peke yake uani siku nzima. Kwa kuuma, mwambie hatatembea uani bila kamba watoto wakiwa wanacheza.

Unaweza pia kujitolea kulipa amana ya ziada kwa ajili ya mbwa, itakayorudishwa ukihama iwapo hakuna kilichoharibika. Amana hiyo, au dipoziti kama wengi wanavyoiita, inaonyesha kwamba una hakika na mnyama wako. Omba risiti yake peke yake, isichanganywe na ya kodi, ya maji wala ya stima.

Mwenye nyumba akiwa Mwislamu, huenda sababu yake ikawa ya dini, nayo iheshimu. Kwa Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, ambao hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, lakini si wa kuingia ndani. Mkiweza kuafikiana kwamba atakaa nje, kwenye kibanda chake, mbali na njia ya kwenda msikitini na mahali pa kuanikia nguo, vyema. Ikiwa haiwezekani, mshukuru na uendelee mbele.

Akikubali, usiondoke ukiwa na neno tupu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja inatosha: idadi ya mbwa, jina na rangi yake, ruhusa ya kukaa naye, mahali atakapolala, nani atasafisha, kiasi cha amana, na muda mtakaopeana iwapo malalamiko yatatokea. Wote wawili muweke sahihi na kila mmoja abaki na nakala. Mwenye nyumba anaweza kufariki, kuuza ploti, au kumwachia mwanawe usimamizi. Mwana hatajua mlichoongea chini ya mparachichi.

Usimfiche

Wapo wanaoona njia ya mkato. Wanahamia bila kusema, wanamwingiza mbwa usiku ndani ya gunia au boksi, kisha wanamfungia bafuni. Wengine humpandisha juu ya paa la ghorofa, afungwe kwa mnyororo karibu na matangi ya maji, juani mchana na kwenye baridi ya Julai usiku.

Mbwa aliyefichwa hubweka zaidi, maana ana hofu na upweke. Siri haimalizi juma. Ikifichuka, umevunja mkataba siku ya kwanza, na watoto wako wamefundishwa kusema uongo kwa msimamizi kila asubuhi. Notisi ikija utakuwa huna la kujitetea, na utatafuta nyumba nyingine kwa haraka katikati ya muhula wa shule. Hapo ndipo mbwa hutupwa.

Ninyi wanafunzi mnaokodi chumba kimoja kwa kuchangiana, lifikirieni jambo hili kabla ya kumpokea mtoto wa mbwa kwa kuwa anapendeza. Atakaa nanyi miaka kumi na zaidi. Masomo yakiisha na kila mmoja akirudi kwao, atakwenda na nani? Ikiwa hakuna aliye tayari kujibu leo, msimchukue.

Siku ya kuhama

Mpeleke mbwa mwisho, vitu vikiwa vimeshapangwa. Asubuhi ile mfunge kwa jirani mnayemwamini au ndani ya chumba kimoja, maana milango ikiwa wazi na watu wageni wakibeba makochi, atakimbia. Mvike ukanda wa shingoni wenye namba yako ya simu.

Matatu nyingi hazitamkubali, kwa hiyo panga usafiri mapema. Akipanda nyuma ya pikapu, mtu mzima akae naye amemshika. Usimfunge shingo kwa kamba ndefu kwenye vyuma vya gari, kwani akiruka atajinyonga. Usimlishe sana kabla ya safari, asije akatapika, na usimwache ndani ya gari lililofungwa juani hata kwa dakika chache.

Mkifika, mpe blanketi lake la zamani bila kulifua na sahani yake ile ile. Kwa majuma mawili ya kwanza asitoke bila kamba. Mbwa wengi waliohamishwa kutoka mtaa mmoja hadi wa jirani hurudi walikotoka, wakivuka barabara ambazo hawazijui. Mtembeze asubuhi na jioni kuzunguka mtaa mpya hadi azoee harufu zake. Kisha piga hodi kwa majirani. Sema, "Mama, sisi ni wageni hapa. Tuna mbwa. Akiwasumbua, tafadhali tuambieni sisi kabla ya kwenda kwa mwenye ploti." Jirani aliyesalimiwa hivyo huvumilia mengi.

Wafundishe watoto wa ploti, pamoja na wako, wasimguse mbwa anapokula, anapolala au anapofungwa. Mtu yeyote akiumwa na mbwa, hata mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa na majani hayasaidii kitu.

Ikishindikana kabisa

Kuna wakati umefanya yote na bado haikuwezekana. Unaenda kuishi na mama mkwe katika chumba kimoja, au kazi imekupeleka mahali ambapo mbwa hawezi kufika. Hapo pia una wajibu.

Anza kumtafutia mlezi miezi miwili mapema: jamaa wa mashambani, jirani anayebaki, mwenye duka anayehitaji mlinzi, au hata mwenye ploti wako wa Kabiria ambaye mbwa amemzoea tayari. Mkabidhi mbwa pamoja na cheti chake. Usimpe mtu kwa sababu tu amesema ndiyo. Nenda uone atakapolala. Ukikosa, zungumza na chama cha kutunza wanyama cha KSPCA, kilichoanzishwa 1910 na chenye kituo Karen. Hupokea wanyama na kuwatafutia makao mapya, ila nafasi zao si nyingi, kwa hiyo wapigie simu mapema badala ya kufika na mbwa bila taarifa.

Usimfungulie kamba mbele ya machinjioni ukajipa moyo kwamba hatakosa chakula. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtelekeza mnyama katika hali ya kumtesa kuwa kosa. Tena mbwa huyo hatafikisha mwaka wa pili akiwa na chanjo. Atajiunga na kundi linalozurura kando ya barabara usiku, na mtoto atakayemrushia jiwe akielekea shuleni anaweza kuwa wa jirani yako wa zamani.

Wazazi, watoto wanatazama jinsi mnavyohama. Siku ile ya gari watakumbuka kama yule aliyewalinda alipandishwa pamoja nao, alikabidhiwa mtu mwema wakamuaga, au aliachwa akikimbia nyuma ya pikapu hadi akachoka. Mwezi bado haujaisha. Kitafuteni kile cheti cha chanjo leo, na kesho asubuhi mpigieni daktari.